Kitabu cha Kompyuta Nilichomchagulia Zuwena

Shinyanga, Jumatatu, 14 Julai 1986

Mwaka wa thelathini na nne tangu niondoke Pangani. Huandika hivyo mwanzoni mwa kila daftari, nalo hili ni jipya. Hewa kavu. Vumbi la malori ya pamba tangu asubuhi.

Habari kubwa. Ofisi ya ushirika wa pamba inaletewa kompyuta mwezi wa tisa. Moja. Itahesabu mizigo ya wakulima badala ya makarani wanne na mabishano yao. Ataajiriwa kijana mmoja wa kuiandikia maagizo, yaani programu, na Bi Klara, mhasibu mkuu, atatoa mtihani tarehe 2 Agosti. Waliojiandikisha ni wawili tu. Wengine walisikia neno hesabu wakakumbuka shughuli nyingine. Wa kwanza ni Zuwena, mjukuu wangu, aliyemaliza kidato cha sita na amekaa nyumbani mwaka mzima akimsaidia bibi yake kukaanga vitumbua. Wa pili ni Maige, kitindamimba wa Ngassa.

Zuwena hakusema mengi. Alisema akishindwa hili, baba yake atamwita Kigoma akakae dukani kwa mjomba, auze betri na viberiti, na mambo ya hesabu yataishia hapo. Alisema akiwa anaosha sufuria, bila kugeuka.

Kwa hiyo lazima ashinde. Na wa kumsaidia ni mimi. Chumba cha kusomea cha mjini nakitunza mimi tangu nistaafu reli, na hapa hakuna aliyesoma vitabu vingi kuliko mimi. Ngassa anasema ni yeye. Ngassa alifundisha hesabu shule ya msingi maisha yake yote na sijapata kumwona akimaliza kitabu kisicho na majibu nyuma.

Alasiri Bi Klara alileta vitabu viwili. Alisema ndivyo alivyovipata Dar es Salaam. Kila mwombaji aazime kimoja, na wakitaka wabadilishane. Alipokuwa anapanda Landrova akaongeza kwamba kitabu kizuri cha kazi hii ni kile kinachomfanya msomaji ashike kalamu, tena kiwe kimeandikwa kwa mashine ya aina ile inayokuja. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, nimeanza kuchagua vitabu yeye hajazaliwa.

Kimoja kinene. Kurasa zaidi ya mia saba, jalada gumu rangi ya damu ya mzee, mgongo umeshonwa kwa uzi. Kingine chembamba, kimeshikwa kwa pini mbili, jaladani kikaragosi anayekuna kichwa, na kila baada ya kurasa chache maswali. Zuwena alishika hicho chembamba kwanza. Akakifungua katikati, akacheka peke yake, akauliza kama kuna penseli.

Nikakichukua mkononi mwake kwa upole. Nikamweleza. Mwandishi anayemuuliza msomaji maswali ni mwandishi ambaye majibu hanayo. Kitabu cha heshima hakikuulizi, kinakujibu. Tena tazama jalada. Marehemu baba aliacha sanduku la vitabu Pangani, na mchwa walipoliingia, mwaka 1963, vilivyobaki na umbo ni vile vyenye jalada gumu peke yake. Vyembamba viligeuka udongo. Jambo hilo nimelikumbuka katika kila kitabu nilichochagua tangu siku ile.

Zuwena akasema ndiyo Babu.

Mpango: kinene ni cha Zuwena, nimekiweka ndani ya pipa la unga. Chembamba kimebaki juu ya meza, mahali pa wazi, Maige akione na akipende.

Jumatano, 16 Julai

Maafa.

Ngassa alikuja chumba cha kusomea saa nne, fimbo mkononi, kofia imekaa upande. Mwangaluka, akasema kwa Kisukuma, halafu akauliza kama Mzigua bado yu hai au ni nguo tu zimeachwa kitini. Ndivyo anavyonisalimia. Mimi Mzigua, yeye Msukuma. Sisi ni watani tangu enzi za babu zetu waliobeba mizigo pamoja kwenda pwani na kurudi. Mtani hukutukana msibani na hukudai kuku siku ya harusi. Na akishika kitu chako akasema kimeshika mkono, kimekwenda. Huna la kusema. Ukikasirika, wewe ndiye umeshindwa, na mji mzima utajua kabla ya adhuhuri.

Nilimwonyesha chembamba. Nilikisifu. Nilisema kina picha, kijana atafurahi. Pengine nilikisifu kupita kiasi. Ngassa aliniangalia kama alivyokuwa akiwaangalia watoto walionakili. Akasema Mzigua akikupa nyama kwa hiari, tafuta alipoficha ini. Akavuka barabara mpaka nyumbani kwangu, akamsalimu Mwanaidi, akaomba maji ya kunywa, na wakati mke wangu anachota akafunua pipa la unga.

Nilifika ninahema. Alikuwa amekipakata kitabu kama mtoto mchanga, kofia yake imejaa unga. Mtani, akasema, hiki kimeshika mkono.

Mwanaidi alicheka mpaka akakaa chini. Nilimwuliza yuko upande wa nani. Akasema upande wa unga wake.

Nilimpa Zuwena habari hizo kama mtu anavyotoa habari za msiba. Akauliza, basi Babu, chembamba kimebaki? Nikasema kimebaki. Akaenda kukichukua akikimbia. Mtoto ana moyo mkubwa; anajikaza ili nisiumie.

Sitakubali hali hii. Nimesikia kuna Donatus, mnunuzi wa dhahabu wa Katoro, aliyepata kasha zima la vitabu vya mhandisi mmoja wa kigeni aliyeondoka mgodi ulipofungwa. Vitabu vya mashine. Lori la chumvi linaondoka kesho alfajiri.

Jumamosi, 19 Julai. Katoro

Kahama, Ushirombo, Katoro. Siku mbili juu ya magunia. Mgongo unazungumza peke yake.

Hapa kila mtu anatazama chini kama aliyepoteza sindano. Wachimbaji wamepakaa udongo mwekundu mpaka kwenye kope. Nilimuuliza mmoja njia ya kwa Donatus, naye akaniuliza kwanza kama nina mzigo, yaani dhahabu ya kuuza. Nikasema sina mzigo, natafuta kitabu. Akamwita mwenzake aje aone.

Donatus ni mtu mnene mwenye mizani ndogo na sauti ndogo. Kasha lipo kweli. Linakaa chini ya meza, na akipimia mtu vumbi la dhahabu huchana ukurasa, hukunja pembe nne, humtilia humo. Nilisimama pale nikiona ukurasa mzima wenye michoro ya kielimu ukiondoka mfukoni mwa mtu asiye na viatu. Nikamwambia Donatus hiyo ni dhambi. Akasema karatasi hiyo ni nzito, haivujishi, na waandishi wake Mungu awabariki.

Nilikuta kimoja kinachohusu kompyuta. Kikubwa kuliko kile cha Ngassa! Kina uzito wa tofali. Kimepigwa chapa mwaka 1961, maana yake kimekaa muda wa kutosha makosa yake kujulikana. Kurasa za katikati zimechanwa, lakini mwanzo upo na mwisho upo, na msomaji mzuri hujaza yaliyo kati.

Donatus hakutaka kukitoa, alisema kina karatasi za kufungia za miezi mitatu ndani yake. Tulielewana kwa koti langu la reli, lile la mvua, nililopewa Tabora mwaka 1958. Alilivaa pale pale. Lilimbana. Akaniambia umepata hasara, mzee wangu, lakini nenda salama. Mtu wa mizani hawezi kujua thamani ya kitabu.

Jumanne, 22 Julai

Nyumbani. Nilimkabidhi Zuwena kitabu mbele ya bibi yake. Alikipokea kwa mikono miwili, akanishukuru, akatazama kilipokatika. Akauliza kwa adabu kama kompyuta hii ya kitabuni, inayojaza chumba kizima na kulishwa kadi zenye matundu, ni ya aina moja na ile inayokuja ofisini. Maana Bi Klara amemwambia ile ya ofisini inakaa juu ya meza, na lugha yake inaitwa BASIC, na chembamba kimeandikwa kwa lugha hiyo hiyo.

Nilimwambia ukimjua tembo, panya hakupi shida.

Mwanaidi aliuliza koti liko wapi. Nilisema liko Katoro. Aliuliza linafanya nini Katoro. Nikaenda kuswali adhuhuri mapema kidogo.

Nimeanza kumsomea Zuwena kwa sauti kila alasiri. Sura ya kwanza ni habari za Wachina na kete zao za kuhesabia. Nzuri sana. Leo alisinzia mara tu Wachina walipotajwa. Ni uchovu wa vitumbua.

Alhamisi, 24 Julai

Siku ya michezo ya kitoto. Naiandika kwa ufupi kwa kuwa haina maana.

Chembamba kina swali linalosema: andika maagizo ya kazi ndogo, kisha mpe mtu ayafuate bila kutumia akili yake hata kidogo, maana ndivyo kompyuta ilivyo. Zuwena alipomaliza kuandika akaja moja kwa moja kwangu. Sikuuliza kwa nini.

Maagizo yalikuwa haya. Chota kata moja pipani. Mimina kwenye ndoo. Tazama ndoo, ikiwa haijajaa, rudi mwanzo. Ikijaa, sema tayari. Maige alikuwa amekuja kurudisha ungo wa bibi, akasimama kutazama. Ungo huo huazimwa sana siku hizi. Nilimtilia shaka kuwa mpelelezi, nikamkazia macho mpaka akaaga, na Zuwena akamsindikiza njiani kumweleza jambo la ungo.

Mimi nikaendelea. Nilichota. Nikamimina. Nikatazama. Haijajaa. Nikarudi mwanzo. Kazi yenyewe inatuliza, nilikumbuka kuhesabu mabehewa usiku wa mvua stesheni ya Tabora. Jua lilisogea. Miguu ikalowa. Nikachota.

Mwanaidi akarudi kutoka sokoni. Akasimama mlangoni na kikapu kichwani.

Baba Abdu, unafanya nini?

Nikamwambia ndoo haijajaa.

Akasema ndoo hiyo imetoboka tangu Idi. Nikamwambia sikuagizwa kuangalia hilo. Akatazama ndani ya pipa, maji ya siku nne, mwezi wa saba, Shinyanga, na yaliyobaki humo hayakufunika kiganja. Sitaandika aliyoyasema. Alinitaja mimi, akawataja na Wazigua kwa jumla.

Zuwena alirudi akakuta uwanja mzima ni tope, bibi yake amekaa juu ya kinu akijipepea, nami nimesimama na kata. Nilidhani ataomba radhi. Akachuchumaa pale kwenye tope, akatazama ndoo, akanitazama mimi, macho yanang'aa. Akasema Babu, ungeendelea mpaka lini? Nikamwambia mpaka ijae. Akachukua penseli, akaongeza mstari: ukimimina mara thelathini na bado haijajaa, simama, mwite mtu. Akausoma kwa sauti mara mbili kama anaonja mchuzi.

Nilimwambia mchezo umekwisha, tarehe 2 haiko mbali, turudi kwa Wachina. Nimetumwa kisimani kwa baiskeli.

Jumapili, 27 Julai

Habari mbaya kutoka sokoni. Maige anaonekana kila mahali na kitabu kinene kwapani. Muuza tumbaku amemwona nacho mnadani. Kijana anakula kitabu kile ukurasa kwa ukurasa, na mjukuu wangu anacheza na ndoo. Nililala mchana bila kulala.

Mpango. Utani ni barabara ya njia mbili. Kilichoshikwa kinaweza kushikwa.

Nilikwenda kwa Ngassa baada ya alasiri, njia ya Kishapu, kule mji unapoishia na mazizi kuanza. Pamba yao imeanikwa uani juu ya mikeka. Wake na wakwe wanachagua nyeupe huku, chafu kule. Ngassa alikuwa kitini chini ya upenu, amelala, kitabu kinene kifuani kinapanda na kushuka. Kimefunguliwa ukurasa wa kumi na moja. Nilielewa: wameshakimaliza, wanarudia.

Nilikichukua pole pole. Ili mtu asiseme Mzigua ni mwizi, nikaweka kitu badala yake: kile chembamba, nilichokitoa chini ya mto wa Zuwena kabla ya kuondoka. Ngassa akafumbua jicho moja. Nikamwambia mtani, kimeshika mkono. Akatazama kifuani pake. Akauliza, Mzigua, umeniletea gazeti? Akacheka mpaka ng'ombe wakageuka. Sikumaliza maji niliyopewa. Nilirudi kama kijana.

Zuwena nilimkuta amepiga magoti chumbani, amepindua godoro lote. Nikaweka kinene mbele yake. Nikamwambia nilichofanya, mwanzo hadi mwisho.

Hakulia. Ningeelewa kama angelia. Alikaa kwenye ukingo wa kitanda, mikono imelegea mapajani kama ya mtu aliyeshuka garimoshi stesheni isiyo yake. Akasema taratibu, Babu, nilikuwa nimebakiza maswali machache. Halafu akasema barua ya Kigoma imefika jana, mjomba anauliza aandae chumba au asiandae.

Nilimwambia amjibu mjomba kwamba asiandae. Tuna kinene sasa.

Mwanaidi aliniwekea chakula na kwenda kula jikoni. Baadaye nilimwona Zuwena anajifunga kanga, akasema anakwenda kumsalimia mke wa Ngassa. Nilifurahi. Hata baada ya ushindi, adabu ni adabu.

Jumatano, 30 Julai

Mambo yasiyoeleweka.

Zuwena anaondoka kila siku akimaliza vitumbua, anarudi magharibi na nyuzi za pamba kwenye nywele. Nimeuliza. Anasema anawasaidia kuchagua pamba. Nimefahamu mara moja: Ngassa, kwa kuwa amenyang'anywa kitabu, anamchosha mtoto wangu kwa kazi ili siku ya mtihani asinzie. Ni ujanja wa hali ya juu. Karibu nimwonee fahari.

Nimemwambia asiende. Mwanaidi, ambaye hakuwa ameniambia neno tangu Jumapili, akasema ataenda. Basi ataenda.

Jana nilimfuata kwa mbali. Nilisimama nyuma ya ua wa minyaa. Walikuwa wamekaa mkekani, Zuwena na Maige, rundo la pamba katikati, mikono inachagua. Maige alisema kitu. Zuwena akamjibu kwa utani, wewe ngosha, hapo hujamwambia asimame, atazunguka mpaka kiama. Maige akasema na wewe jana ulimwambia asimame kabla hajaanza. Wakacheka. Ni mambo ya mfanyakazi fulani wa shambani, nadhani. Hakuna aliyetaja kompyuta. Nimeridhika kwamba siri zetu hazitolewi.

Kinene kiko jikoni. Mwanaidi amekiweka juu ya kifuniko cha pipa la unga kuzuia panya. Nimekisoma mimi mwenyewe jioni mbili, nimefika ukurasa wa tisa. Mwandishi anaeleza atakachoeleza. Hana haraka. Hiki ni kitabu.

Jumamosi, 2 Agosti

Siku yenyewe.

Mtihani saa tatu, ofisi ya ushirika, chumba cha mizani. Zuwena alivaa gauni la kijani la shule lililoondolewa nembo. Nilimpa kinene akibebe ili Bi Klara akione. Alikibeba mpaka mlangoni, akanirudishia, akasema kizito, Babu, kitanichosha mkono wa kuandikia. Kwapani mwa Maige hapakuwa na kitu.

Mimi na Ngassa tulikaa nje kwenye magunia. Kwa muda hatukutukanana. Mkokoteni wa ng'ombe uliingia na pamba ya mtu wa Kishapu, ukapimwa, ukatoka. Ngassa akasema mwanawe wa kwanza alikwenda Mwanza akapotea huko, huyu wa mwisho angependa abaki karibu. Nikasema wangu akishindwa anakwenda Kigoma. Akasema Kigoma ni mbali. Nikasema najua, nimepeleka mizigo huko miaka mingi. Akavunja muhogo mbichi, akanipa nusu.

Walitoka baada ya adhuhuri. Bi Klara alitoka nyuma yao akatuita wote ndani, nasi wazee. Akasema karatasi zimefanana kana kwamba wamesoma kitabu kimoja. Swali kubwa lilikuwa hili: mwandikie karani asiyejua kitu, apime magunia ya mkokoteni mpaka yaishe. Wote wawili wameandika vizuri. Wote wamekumbuka mkokoteni unaoweza kuja mtupu. Lakini mizani, alisema, siku nyingine hukwama, na mshale haufiki mahali pake kamwe. Karani wa Maige angebaki pale ameshika gunia hilo hilo mpaka mvua za masika. Karani wa Zuwena amepewa mstari mmoja zaidi: ukijaribu mara kadhaa na mshale haujatulia, simama, mwite mtu.

Kwa hiyo Zuwena. Ataanza kwa mafunzo ya miezi sita Dar es Salaam. Kompyuta nyingine itakuja Kishapu mwakani, na Maige asifikirie kwenda popote.

Zuwena alinishika mkono kwa nguvu. Akaninong'oneza, ni wewe, Babu. Ni ile ndoo. Maige alikuwa ameshaondoka, hakukuona ulivyokuwa unamimina. Macho yake yalikuwa yamejaa. Nikampapasa kichwa. Mtu akifurahi sana husema lolote.

Ngassa alinipa mkono. Akasema Mzigua, mjukuu wako amemshinda mwanangu kwa kitabu cha mwanangu, juu ya mkeka wangu, huku akila viazi vya mke wangu. Nikaona huzuni imemchanganya. Alipofika nje akachukua kofia yangu, akasema imeshika mkono, akaenda nayo. Sikuwa na la kusema. Sikutaka kuwa nalo.

Mwanaidi amepika wali leo. Amekula hapa, mkekani.

Jumanne, 5 Agosti

Jambo la kwanza. Bi Klara alipita chumba cha kusomea. Anaagiza vitabu kwa ajili ya vijana wa mwakani, akaniuliza ni kipi alichotumia Zuwena, alete nakala tano. Sikusita. Nilimwambia kile kinene, jalada gumu. Akashangaa kidogo, akauliza kama nina hakika. Nikamwambia mtoto alikuwa nacho mpaka mlangoni mwa mtihani, yeye mwenyewe ni shahidi. Nilimshauri pia vile vyembamba vya maswali asijisumbue navyo. Hapa tuna mchwa.

Chembamba chenyewe, kilichorudi kutoka kwa Ngassa, kimechakaa, pini moja imetoka, kila ukurasa umechorwa penseli kwa mwandiko wa watu wawili. Zuwena ameomba ruhusa aondoke nacho, nami nikampa kwa moyo mweupe, kinaniharibia rafu. Cha Katoro amekisahau chini ya kitanda. Nitampelekea.

Jambo la pili. Zuwena anaondoka kwa treni ya Ijumaa. Leo, wakati anakunja nguo, alisema akipata likizo atakwenda Pangani kuona tulikotoka. Akasema twende wote, Babu. Wewe mtu wa reli. Tushuke Morogoro, tuchukue basi. Nikuone unanionyesha.

Nimelifikiria tangu asubuhi, kama linavyostahili. Ningeshuka upande huu wa mto, ningengoja kivuko. Ningepita shuleni, dawati langu lilikuwa la tatu upande wa dirisha. Kisha ningefika nyumbani na kubisha hodi, na angetoka mtu wa Tanga aliyeinunua nyumba, kijana mwema bila shaka, angeniuliza mzee unamtafuta nani. Kaka yangu nilimzika mwaka 1971 kwa simu ya maandishi, sikuwahi. Shangazi kabla yake. Waliojua jina langu la utotoni hawajazi mkeka mmoja, na wote wako upande wa makaburini. Sanduku la baba ni majalada matupu. Nimemwambia Zuwena apite pale kwa niaba yangu, asibishe hodi, aangalie tu kama mlango bado ni wa buluu.

Akaendelea kukunja. Kisha akasema sawa, Babu, nitaangalia.

Jambo la tatu. Dereva wa lori la chumvi ameleta salamu za Donatus. Ndani ya kasha amekuta juzuu ya pili ya kitabu changu, nene kuliko ya kwanza, na wachimbaji hawajaifikia bado. Koti sina tena, lakini mwavuli ninao. Maige ana mtihani mwakani, na mtani wangu hajui kuchagua kitabu. Nitampelekea juzuu hiyo kama zawadi, mbele za watu, ili asipate la kusema.

Lori linaondoka Jumamosi alfajiri. Pangani sitarudi.